Mchango wa mbunge ni neno

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi dogo. Niliwataka kila mmoja aandike mchango mmoja wa mbunge wa eneo analotoka, mchango anaoukumbuka yeye mwenyewe na anaoweza kuuthibitisha. Zoezi lilikuwa la semantiki wala si la siasa, kwani nilitaka tulichambue neno “mchango” na tuone linavyotumika vinywani mwa watu. Majibu yaliporejea niliketi nikayasoma yote. Mlikuwamo mabati, matangi ya maji, basi la shule, basari, jezi za timu za kandanda, na maturubai ya matanga. Halikuwamo hata jibu moja lililotaja neno lililosemwa Bungeni.

Sikuwalaumu. Mchango umetokana na kitenzi “changa”, yaani kukusanya kidogo kidogo kutoka kwa wengi, nasi Wakenya tumeliozesha neno hili kwa Harambee hata ndoa ikawa haivunjiki. Hata hivyo, katika lugha ya Bunge mchango ni kitu kingine kabisa. Ni hoja anayoitoa mbunge mswada unapojadiliwa, ikanakiliwa katika Hansadi ili vizazi vije viisome. Wazee wa pwani watanikumbusha kwamba ipo na maana ya tatu, kwa kuwa mchango pia ni mnyoo, yule mgeni akaaye tumboni mwa mtu na kula asichokitolea jasho. Msomaji na aamue mwenyewe ni mheshimiwa yupi anastahiki maana ipi.

Hoja yangu leo ni kwamba mchango mkuu wa mtunga sheria ni neno, na kwamba neno hilo hubakia nusu ya mchango mpaka limfikie, kwa lugha anayoielewa, yule ambaye litamhukumu. Nitaitetea hoja hii kwa sheria mbili zilizopitishwa na Bunge la 11 katika mwaka mmoja, 2016. Ya kwanza ni Sheria ya Kupambana na Dawa za Pufya Michezoni, iliyotiwa sahihi na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 22 Aprili. Ya pili ni Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyotiwa sahihi tarehe 6 Mei. Baina yao ni majuma mawili kamili. Tena, siku ile ile ya 22 Aprili ndiyo siku ambayo Mkataba wa Paris kuhusu tabianchi ulifunguliwa kutiwa sahihi mjini New York, na Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyotia sahihi siku hiyo.

Kwa mtazamo wa kwanza sheria hizi hazina udugu. Moja yahusu mkimbiaji na chupa yake ya mkojo, nyingine yahusu mawingu na mvua. Lakini tukizitazama kwa makini twaona kwamba zote mbili zahusu sumu isiyoonekana kwa macho, moja ikiwa ndani ya damu na nyingine hewani. Zote mbili zahitaji vipimo vya wanasayansi ili kosa lijulikane. Na zote mbili humwangukia kwanza mtu yule yule, yaani kijana wa nyanda za juu ambaye asubuhi hukimbia barabarani na mchana huisaidia jamii yake shambani.

Tuanze na ile ya pufya. Kufikia mwaka 2015 sifa ya Kenya ilikuwa imeingia doa. Mwezi Januari mwaka huo Rita Jeptoo, aliyekuwa ameshinda mbio za marathoni za Boston na Chicago, alipigwa marufuku kwa kutumia dawa iitwayo EPO. Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Pufya, WADA, lilitutaka tuwe na sheria na chombo madhubuti cha kupima wanariadha. Makataa yakawekwa, yakapita, yakaongezwa. Michezo ya Olimpiki ya Rio ilikuwa yakaribia, na hofu ya kufungiwa nje ikatuingia. Ndipo mswada ulioandaliwa na serikali ukapitishwa mbio mbio, nasi tukashangilia kana kwamba tumekwisha kukata utepe.

Shangwe hizo hazikudumu. Tarehe 12 Mei 2016 WADA ilitangaza kwamba Kenya bado haijatimiza masharti. Kisa? Maneno. Baadhi ya vifungu vya sheria yetu mpya havikulingana na Kanuni ya dunia. Kosa lililotajwa halikuwa la nia wala fedha, bali tulikuwa tumekosea lugha ya sheria. Ikabidi Bunge lirudi kuirekebisha, na mwanzoni mwa Agosti, michezo ikiwa mlangoni, ndipo jina la Kenya lilipoondolewa katika orodha ya waliokiuka. Vijana wetu wakaenda Rio na kurudi na medali 13, zikiwamo 6 za dhahabu. Ni mara ngapi tumeyakumbuka medali hizo tukasahau kwamba nusura zote zizuiwe na sentensi chache zilizoandikwa kwa pupa?

Sheria ya tabianchi ilikwenda mwendo wa kobe. Chimbuko lake halikuwa serikali bali mbunge mmoja wa kawaida, Dkt Wilbur Ottichilo, aliyeiwakilisha Emuhaya kuanzia 2007 hadi 2017 kabla ya kuwa gavana wa Vihiga. Yeye ni mwanasayansi. Tasnifu yake ya uzamifu ilichunguza mabadiliko ya wanyamapori katika mfumo wa ikolojia wa Maasai Mara, na kabla ya kuingia Bungeni alikiongoza kituo cha kimataifa cha ramani za rasilimali kilichoko Nairobi. Mwaka 2012 aliwasilisha mswada wa kuunda mamlaka ya kushughulikia mabadiliko ya tabianchi. Bunge likaupitisha. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi, kwa sababu wananchi hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo.

Mbunge mwingine angalisusa, au angaliitisha mkutano wa hadhara na kulalama. Huyu alirudi kwa wapiga kura, akachaguliwa tena, na mwaka 2014 akauleta upya. Mswada ulipita katika Bunge la Taifa, ukapita katika Seneti, ukarudi, na hatimaye ukawa sheria. Ni miaka minne ya kuandika, kufuta na kuandika tena. Huo kwangu ndio mchango. Haukuwa na picha ya mheshimiwa akikabidhi hundi kubwa kuliko yeye mwenyewe, wala haukutolewa juu ya jukwaa. Lakini uliipa Kenya sheria ambayo ilikuwa miongoni mwa za kwanza za aina yake barani Afrika.

Nalitaja pia jina la pili, Wesley Korir. Bingwa huyu wa Boston wa mwaka 2012 alichaguliwa mwaka 2013 kuwa mbunge wa Cherangany akiwa mgombea huru, na mwaka 2016, akiwa bado mbunge, aliteuliwa kuwa mmoja wa wakimbiaji watatu wa Kenya katika marathoni ya Rio. Nawaomba walimu wa sarufi wauangalie mfano huu vizuri. Katika Kiswahili twasema mbunge “hutunga” sheria na raia “hutungiwa”. Kiambishi kidogo tu hutenganisha mtenda na mtendewa. Kwa Korir kiambishi hicho kilipotea, kwani aliketi katika Bunge lililoipitisha sheria, kisha akatoka nje akawa mwanariadha ambaye mkojo na damu yake vingepimwa kwa sheria hiyo hiyo. Laiti kila mtunga sheria angalijua kwamba jioni atatungiwa aliyoyatunga asubuhi, naamini tungalikuwa na sheria chache na nzuri zaidi.

Lakini wabunge wa namna hiyo ni wachache. Kwa Wakenya walio wengi, yule anayetunga na yule anayetungiwa hutenganishwa na ukuta wa lugha, na hapa ndipo taaluma yangu inaponilazimu kusema.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 120 inaruhusu shughuli za Bunge ziendeshwe kwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya. Kanuni za Kudumu zinamtaka mbunge anayeanza hotuba kwa lugha mojawapo aendelee nayo hadi tamati. Historia nayo yatukumbusha kwamba mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, ingawa miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na kufikia 1979 Kiingereza kilirejeshwa mijadalani. Mwanya huo kati ya lugha ya mdomo na lugha ya karatasi haujazibwa hadi leo. Fungua Hansadi na utaona mheshimiwa mmoja akichangia kwa Kiswahili, lakini kifungu anachokijadili kimeandikwa kwa Kiingereza, na marekebisho anayoyapendekeza sharti yaandikwe kwa Kiingereza vile vile.

Matokeo yake si ya kinadharia. Chukua dawa za pufya. Magazeti yetu yamelizoeza sikio neno “pufya”, lakini redioni na viwanjani utasikia pia “dawa za kututumua misuli” au, kwa wenzetu wa Tanzania, “dawa za kusisimua misuli”. Msemo huo ni mtamu lakini unapotosha. EPO haitutumui msuli wowote. Ni homoni ambayo figo zetu huitengeneza kwa kawaida, na kazi yake ni kuuchochea uboho uzalishe chembechembe nyekundu za damu, nazo hubeba oksijeni. Kijana mwembamba kama unyasi wa Iten akiambiwa ajihadhari na dawa za kututumua misuli atajitazama kwenye kioo na kucheka. Atadhani onyo hilo ni la wanyanyua vyuma.

Kuna mitego iliyofichika zaidi. Sindano ya triamsinoloni, ambayo daktari huweza kumdunga mtu goti linapouma, imewaponza wakimbiaji kadhaa wa Kenya katika miaka ya karibuni. Mwezi Oktoba 2025 Ruth Chepng’etich, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:09:56 mjini Chicago mwaka 2024, alipigwa marufuku ya miaka 3 baada ya kupatikana na haidroklorothiazaidi. Hiyo ni dawa inayotumiwa hospitalini kwa shinikizo la damu, nayo imekatazwa michezoni kwa sababu huongeza mkojo na kwa hivyo huweza kuzificha dawa nyingine. Simtetei mtu hapa. Wapo wanaodanganya kwa makusudi, na hao hawahitaji mfasiri. Nasema tu kwamba kanuni ya msingi ya sheria hii ni kwamba mwanariadha huwajibika kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake, awe alikusudia au hakukusudia. Kanuni kali namna hiyo haina haki iwapo mhusika hawezi kuisoma. Vivyo hivyo ile inayomtaka mwanariadha aliye katika orodha maalumu ya kupimwa ataje atakapokuwa kwa dakika 60 za kila siku, na kwamba akikosekana au akikosea taarifa mara 3 katika miezi 12 amevunja sheria hata kama hajameza kitu.

Sasa tugeukie tabianchi. Kwa muda mrefu Kenya tumesema “mabadiliko ya hali ya hewa”. Mwambie mkulima kwamba hali ya hewa inabadilika naye atakujibu, kwa haki kabisa, kwamba ilibadilika jana, imebadilika leo, na kesho itabadilika tena. Basi kuna habari gani? Hali ya hewa ni ya siku na juma. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo kwa miongo ya miaka, yaani tabia ya nchi, nchi kwa ile maana yake kongwe ya ardhi. Neno hili limeenea zaidi Tanzania, nasi twalikwepa kwa sababu ambayo sijawahi kuielewa. Sheria inayohusu miaka 30 ikitajwa kwa neno linalohusu Jumatatu na Jumanne, mwananchi atawezaje kuiona kuwa ni yake?

Wala tusiseme watu wetu hawana maarifa ya kulipokea jambo hili. Katika nchi ile ile ya Bunyore alikotoka mtunzi wa mswada wa tabianchi kuna ukoo wa Nganyi, mashuhuri kwa kutabiri mvua kwa kuyasoma mabadiliko ya miti, wadudu na upepo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga imewahi kuketi na wazee hao na kuoanisha utabiri wa pande mbili kabla ya kuutangaza kwa wakulima. Maarifa yapo, na msamiati wake upo katika lugha za wenyewe. Kilichokosekana ni daraja kati ya mzee wa Nganyi na kifungu cha sheria.

Na pengo hilo sasa lina bei. Tarehe 1 Septemba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi marekebisho ya sheria hiyo yanayosimamia biashara ya kaboni. Marekebisho hayo yanataka jamii zinazoishi katika ardhi ya mradi zifanye makubaliano rasmi ya maendeleo na mwenye mradi, na katika miradi ya ardhi zipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama zikishatolewa. Haya ni maneno mazuri. Lakini kile kinachouzwa kwa Kiingereza huitwa kwa neno ambalo mwananchi amekwisha kulijua dukani na katika simu yake, krediti, nalo kwake ni deni. Mfugaji akisikia kwamba ardhi yake ina krediti, aelewe nini? Kwamba anadai au anadaiwa? Mwezi Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha katiba kwa kuwa wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo, na mojawapo ya hifadhi hizo ilikuwa imo katika mradi mkubwa wa kaboni ya udongo. Sababu ni ile ile iliyomfanya Rais Kibaki akaurudisha mswada mwaka 2013. Kushirikishwa kwa lugha usiyoijua ni sawa na kualikwa karamuni ukaketishwa nje ya dirisha.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Jibu langu ni kwamba istilahi huzaliwa pale zinapohitajika, na Bunge halijawahi kuzihitaji kwa dhati. Watasema pia kwamba tafsiri za sheria zitaleta utata mahakamani. Katiba yenyewe imekwisha kulitatua jambo hilo, kwani Ibara ya 259 inasema matini mbili za Katiba zikihitilafiana, ya Kiingereza itatangulia. Siipendi kanuni hiyo, lakini inathibitisha kwamba matini mbili zaweza kuishi nyumba moja. Upinzani ulio mzito zaidi ni ule unaotuelekea sisi wanaisimu. Wakati sheria hizi zilipokuwa zikijadiliwa, tulikuwa wapi? Tulikuwa makongamanoni tukibishana kuhusu ufaafu wa istilahi, kwa makala zilizoandikwa kwa Kiingereza. Hilo nalikiri, nami nilikuwamo.

Basi tufanye nini? Kwa wabunge, ombi langu ni moja. Mheshimiwa akileta mswada, aambatanishe muhtasari wa Kiswahili sanifu wenye vifungu vinavyompa mwananchi wajibu, haki au adhabu. Kurasa tano zatosha. Kila mwaka shirika la Mzalendo hutoa orodha ya wabunge waliochangia mijadala na waliokaa kimya, nasi huwacheka walionyamaza. Ingefaa tuulize pia waliosema walisema kwa ajili ya nani.

Kwa walimu wenzangu, sheria ya tabianchi haikutusahau, kwani yataka mafunzo ya mabadiliko ya tabianchi yaingizwe katika mtaala wa taifa. Tusiyaachie masomo ya sayansi peke yake. Kifungu cha sheria ni ufahamu mzuri, na kukifupisha ni zoezi la muhtasari lenye faida kuliko nyingi tunazozitahini. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeweza kuifasiri sentensi moja ya sheria amejifunza sarufi, sayansi na uraia kwa mpigo mmoja.

Nami nilijaribu. Baada ya yale majibu ya mabati na maturubai, niliwapa wanafunzi wangu kanuni ya uwajibikaji wa mwanariadha, nikawataka waiandike kwa Kiswahili ambacho mkimbiaji aliyeishia darasa la nane angekielewa. Wengi waliniletea aya ndefu zenye vishazi tegemezi vya kutosha kumchosha hata hakimu. Mwanafunzi mmoja, kutoka upande wa Marakwet, aliandika maneno manne tu: “Kilichomo mwilini mwako, chako.” Nilimuuliza mbona kaandika kwa ufupi hivyo. Akaniambia kwamba ndugu yake hukimbia, na kwamba alitaka aweze kumtumia kwa simu usiku huo huo.

Nilimpa alama zote. Ule ulikuwa mchango.